Mwaka Mgeni Alipokataa Chakula

Nyinyi wajukuu zangu, na nyinyi rafiki zao mnaoingia kwangu mkisema "Niaje Nyanya" kana kwamba tulicheza mpira pamoja, kaeni chini. Juzi tulipomzika Mgeni nyuma ya nyumba, karibu na bomba, niliwasikia mkisimulia habari zake, na mengi mliyosema yalikuwa uongo. Mmoja alisema Nyanya alimchukia yule mnyama tangu siku ya kwanza. Mwingine akasema ati nilitaka kumtia guniani nikamtupe mtoni. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshika koleo na nilijijua. Sasa koleo liko mahali pake, miguu yangu iko kwenye beseni la maji ya moto, na nitaandika ilivyokuwa. Shule niliiacha nikiwa mdogo sana, kwa hiyo msitafute humu maneno ya shuleni. Na ya ukoo, nani alimzaa nani, tulikuja Kaloleni lini, hayo waulizeni wanaopenda kuhesabu marehemu. Mimi nitasema habari za mwaka mmoja tu. Watu hudhani mtu hufundwa akiwa msichana, kabla ya kuolewa. Mimi nilifundwa nikiwa tayari nina wajukuu na magoti mabovu, na aliyenifunda ni mnyama mwenye mkia.

Mwaka huo ndio babu yenu alipopigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalala, na maneno yakakwama. Huyu ni mtu aliyekuwa akigombana na redio, anaijibu habari kwa habari mpaka majirani wanadhani tuna wageni. Sasa alikaa kwenye kiti chake cha mbao mlangoni, fimbo mkononi mwa kushoto, akitazama watu wakipita, na akitaka kitu alitoa sauti tu, kama mtu anayebeba mzigo. Hayo ningeyavumilia. Kilichonishinda ni kula. Nilimpikia uji wa wimbi, akafunga mdomo. Nikampikia ndizi za mchuzi, samaki wa kupaka, wali laini kama wa mtoto, akafunga mdomo. Nilimwekea kijiko mdomoni, naye akanitazama kama askari wa kanjo aliyekuja kumvunjia kibanda. Hospitali wakasema akiendelea hivyo watamtia mpira puani wamlishie huko. Walipolisema hilo mbele yake alitikisa kichwa kwa nguvu mpaka nikaogopa shingo itavunjika. Usiku nilikuwa nikimgeuza kitandani naisikia mifupa yake, namwambia, "Baba Hamisi, unataka nikuzike na njaa? Watu watasema nini?"

Ndipo mwanangu Hamisi akaja na kile kizimba. Alikuwa dereva wa familia moja ya kigeni huko upande wa majumba makubwa, na hao watu walikuwa wanarudi kwao na mnyama hakuwa na ruhusa ya kusafiri. Akakiweka kizimba katikati ya chumba, juu ya kapeti langu.

"Nini hicho?" nikamuuliza.

"Anaitwa fereti, Mama. Wazungu wanawafuga kama paka."

"Paka namjua. Huyo ni panya aliyevutwa."

Rukia, binti yake Hamisi, ambaye sasa ni mama wa watu lakini wakati huo alikuwa anamaliza sekondari, akapiga magoti akacheka. "Nyanya, cheki vile amejiset! Huyu ni mlami, mzungu kabisa, si panya." Alikuwa na rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, mrefu kama soksi, macho yamezungukwa na weusi kama wa wanja, na harufu yake, wallahi, ilifika chumba cha pili kabla yake. Nikamwambia Hamisi amrudishe alikomtoa. Hayo nayakubali. Lakini kabla Hamisi hajainama kukishika kizimba, babu yenu akagonga sakafu kwa fimbo. Tukageuka sote. Mdomo wake ulikuwa unahangaika, upande mmoja unavuta mwingine, na neno likatoka, la kwanza tangu aanguke. "Mgeni," akasema. Sijui alikuwa anampa jina au alikuwa ananikumbusha adabu. Akabaki, na jina likabaki.

Jioni hiyo nilimpelekea Mzee sahani yake ya wali na kipande cha kuku, kwa mazoea tu, nikijua itarudi nzima. Mgeni akampanda gotini, akanusa, akachomoa kuku kwenye sahani, akaanza kumtafuna hapo hapo juu ya msuli aliojifunga mtu mzima kiunoni. Nikainua mkono nimchape. Babu yenu akanizuia kwa fimbo. Halafu akachukua kijiko kwa mkono wa kushoto, akala. Kila Mgeni akitafuna, naye anatafuna. Nilisimama na kanga yangu mdomoni. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi ya nyumba hii: sahani moja, wawili wanakula, mnyama nyama na mtu mengine. Na kinyume chake ndicho kilichonitesa mwaka mzima. Mgeni asipokula, Mzee hali. Hata kidogo, hata kwa kusihiwa. Basi mkisikia nilihangaika na tumbo la mnyama kama mwehu, mjue nilikuwa nahangaika na tumbo la nani.

Sasa niwaeleze Ijumaa za nyumba hii. Kwa miaka mingi wanawake wa hapa mtaani, na wengine kutoka Ziwani na Makadara, walikuwa wakija kwangu Ijumaa baada ya alasiri kusoma. Tunatandika mikeka na misala chumba cha mbele, tunasoma Yasini, tunaomba dua, kisha tunakunywa chai ya tangawizi na mahamri na mbaazi, na habari za mji mzima zinapita pale. Viatu vyote vinabaki nje kibarazani. Hilo halina mjadala nyumbani kwangu. Hata aliyekuja kusoma mita ya stima alivua buti zake, na soksi zake zilikuwa na matundu, nikamwona. Mgeni alipokuja, Bi Tatu, rafiki yangu wa tangu ujana, akavuta miguu yake akaikunja. "Paka tunamjua hukumu yake, Zena. Huyu hatumjui. Asije akakanyaga misala." Wengine wakaitikia. Mimi sikuwa na elimu ya kubishana. Nikamwambia Hamisi aweke ubao mlangoni mwa kibaraza, urefu wa goti, ili mnyama asitoroke, na kila Ijumaa Mgeni alikaa nje huko na Mzee wake mpaka tumalize. Niliona nimefanya jambo la akili sana.

Ugonjwa ulianza baada ya mvua za kwanza. Jumamosi moja asubuhi Mgeni hakutoka kwenye kikapu chake. Nikamwekea firigisi, akazinusa akageuza uso. Mate yanamtoka, anajipangusa mdomo kwa mikono kama mtu aliyekula pilipili, anasaga meno. Akatapika povu. Babu yenu aliiona sahani imerudi, akaweka kijiko chini, na huo ndio ukawa mwisho wa chakula chake siku hiyo, na ya pili. Siku ya tatu mnyama akaamka, akaruka ruka kwa ubavu ule mchezo wake wa kipumbavu, akala, na Mzee akala. Nikasema alhamdulillahi, yamepita. Wiki iliyofuata ikawa vile vile. Na nyingine. Wiki nyingine anakosa kuugua, nyingine anaugua sana. Ningekuwa mtu wa kulia ningelia.

Nilianza na chakula, kwa sababu mimi ni mpishi na mpishi hushuku chungu kwanza. Kuku nilimnunua kwa muuzaji yule yule, nikaanza kumnusa mbele yake mpaka akaniuliza, "Mama, unanunua ama unabusu?" Nikabadilisha muuzaji. Nikachemsha nyama mara mbili. Haikusaidia. Kisha nikasema ni wanawake, wanamtupia mahamri kwa kupitia mlangoni, na Hamisi alikuwa ameambiwa mnyama huyu hali vitu vya unga wala sukari. Ijumaa iliyofuata nilisimama katikati ya kisomo nikatangaza kwamba atakayemtupia yule mnyama hata chembe, chai yake ya mwisho kwangu ameshainywa. Bi Tatu akasema polepole, "Zena, siku hizi umekuwa mkali hata kwa mahamri." Jumamosi Mgeni hakuamka.

Nikamgeukia Mama Njoki, jirani yangu wa ukuta mmoja, mtu wa Murang'a, muuza mayai. Nilijua panya wamemsumbua stoo yake. Nikamkuta uani anaosha trei.

"Mama Njoki, wewe sumu ya panya unaiweka wapi?"

Akainua macho. "Sumu? Mama Hamisi, mimi nina paka wawili na watoto wa watoto wangu wanatambaa hapa. Sumu niiweke wapi, kwa chai yangu?"

"Mnyama wangu anaugua."

"Huyo mnyama wako ni mgonjwa tangu Mungu amuumbe. Umeona shingo yake? Hiyo si shingo ya kitu kizima." Akaendelea kuosha. Nilipogeuka kuondoka akaniita. "Na Mzee je, anakula?" Nikasema hali. Akaingia ndani akatoka na mayai mawili yaliyopasuka, akayaweka mkononi mwangu. Tulikaa wiki nyingi tukisalimiana kwa kichwa tu, lakini mayai yaliyopasuka yalikuwa yakiwekwa dirishani kwangu.

Ikawa zamu ya udi. Nilikuwa nimeshaona kwamba maradhi yanafuata Ijumaa, na Ijumaa ndiyo siku ninayofukiza. Nikasema moshi unamwingia kifuani. Nikaacha kufukiza. Wanawake wakaingia, wakanusa, wakatazamana. Mmoja akamwambia mwenziwe kwa sauti ya kudhani mimi ni kiziwi, "Siku hizi hapa hakuna hata udi, pananuka mnyama tu." Nilimeza. Na kulikuwa na jambo jingine nililolimeza, nami nawaambia kwa sababu lina maana mbele. Wale wanawake, ambao zamani walikuja na viatu vyao vizuri, ndara za ngozi na za shanga, walianza kuja kwangu na patipati za mpira. Tena patipati kuukuu, za kuendea chooni, kisigino kimeliwa, mkanda umefungwa kwa waya. Niliziona nikipita kwenda kumpa Mzee maji, zimepangwa kibarazani kama takataka zilizookotwa. Nikasema moyoni, kumbe ndivyo. Mume wangu ameanguka, udi umekwisha, na mimi sistahili tena hata kiatu. Nilipunguza tui kwenye mbaazi.

Na huko kibarazani babu yenu naye alikuwa na lake. Kila Ijumaa, katikati ya kisomo, anaanza kugonga. Namsikia, ko, ko, ko. Natoka, namkuta amekunja uso, anaigonga patipati yake mwenyewe, iliyo mguuni, kwa ncha ya fimbo, na kutoa ile sauti ya mzigo. Mimi najua mume wangu. Akigonga kiatu anataka kutembezwa, na akitaka kutembezwa anataka choo. Namwinua, namzungusha nyumba mpaka nyuma, anavuta kurudi, namwambia, "Tulia, tumeshafika." Tukifika hataki. Tunarudi, magoti yangu yanalia, kisomo kimenipita, namkalisha. Nikiingia tu, ko, ko, ko. Kuna Ijumaa nilimvua zile patipati nikaziweka juu ya kabati ili asipate cha kugonga. Alinitazama kwa namna ambayo mpaka leo nikiosha vyombo huikumbuka. Akagonga mguu wake mtupu.

Nilimpeleka Mgeni kwa daktari wa mifugo, kwenye duka moja la dawa za mifugo upande wa barabara kubwa. Daktari alikuwa binti mdogo, mwenye sauti ya chini. Akaniambia ukweli wake: "Shosho, mimi natibu kuku na mbwa, na ng'ombe wa watu wa nje ya mji. Huyu sijawahi kumshika. Lakini niachie nitasoma." Nikampenda kwa hilo, ingawa sikuonyesha. Akampa dawa ya minyoo. Akaniuliza, "Nyumbani anatafuna nini?"

"Kuku."

"Mbali na chakula, Shosho. Vitu."

"Nyumba yangu haina vitu vya kutafunwa. Nyumba yangu inafagiwa." Nikabeba kikapu changu nikaondoka nimenuna. Vitu! Aliona nimevaa kanga iliyofifia akadhani nakaa jalalani.

Ramadhani ikaingia. Kisomo cha Ijumaa tukakihamishia msikitini usiku, kama kila mwaka, maana alasiri kila mtu yuko jikoni kwake. Na Mgeni akapona. Akanenepa, manyoya yakang'aa. Mchana, nyumba nzima imefunga, midomo imetukauka, wale wawili wanakaa kibarazani wanakula kuku mbele ya watu. Mzee alikuwa na ruhusa ya ugonjwa na yule mwingine hakuwa na dini tunayoijua. Rukia akasema, "Nyanya, hawa wasee wanatuonea." Mzee akacheka. Alikuwa ameanza kurudisha mashavu. Nikasema nimegundua: ni mafuta ya mchana. Mchana hatukaangi, ndiyo maana hewa ni safi. Nikapanga kabisa kwamba baada ya Idi hakuna kukaanga ndani ya nyumba hii, tutachemsha mpaka Mungu atuchukue.

Idi ikafika, na nyumba ikajaa. Mnajua Idi yetu. Pilau kwenye sufuria kubwa ya kuazima, kachumbari, halua, watoto wanaingia na kutoka wakidai mkono wa Idi, na wale wanawake wote wakaja pamoja na mabinti zao. Mnyama nje, na Mzee nje, kwa sababu ya mikeka. Mzee akagonga mpaka nikamtuma Rukia akamtulize. Rukia akamtembeza, akarudi, akasema, "Hataki choo, Nyanya. Ana hasira tu." Nikasema, "Sikukuu inamchosha." Nilikuwa na wageni, nilikuwa na wali unaotaka kushika moto.

Kesho yake Mgeni alikuwa amelala kama kitambaa kilichokamuliwa. Tumbo limejaa, gumu. Hatapiki tena, hata povu, anasaga meno tu. Mzee alisukuma sahani ya pilau, pilau ya Idi, ambayo hajawahi kuikataa tangu nimjue. Kesho yake tena. Hamisi alikuja akasema, "Mama, tukubali. Mnyama huyu anakufa. Tumpeleke Mzee hospitali watie huo mpira kabla hajaishiwa nguvu." Babu yenu alisikia. Akageuza uso ukutani. Nikamwambia Hamisi, "Toa gari." Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na hasira tu, na hasira ndiyo iliyonivalisha buibui.

Yule binti daktari alimbonyeza Mgeni tumbo kwa vidole viwili, macho ameyafumba. "Kuna kitu hapa. Nimesoma habari zao, Shosho. Wanapenda kumeza vitu laini. Nikimwacha atakufa. Nikimpasua anaweza kufa pia, na sijawahi kumpasua wa namna hii." Akaningoja. Hakunisukuma. Nikamwambia, "Nyumbani kuna mtu anasubiri kula. Pasua." Nikakaa kwenye gunia la chakula cha kuku, nikasoma kila nilichokijua kwa moyo, na nilichokijua kikaisha nikakirudia. Alipotoka alikuwa na kijisahani cha bati. Akakiweka mbele yangu. Vipande vya mpira. Kimoja buluu, kimoja kijani, kimoja cheupe kilichogeuka kahawia, na kimoja cha njano chenye nusu ya ua dogo jekundu. "Anapumua," akasema. "Kazi ni ya Mungu sasa. Lakini Shosho, haya ni nini?"

Lile ua nililijua. Nilikuwa nimeliona kibarazani kwangu, kwenye mguu wa Bi Tatu.

Nilirudi nyumbani na kile kijisahani nimekifunika kwa kanga. Mzee alikuwa mlangoni. Nikakaa kwenye ngazi miguuni pake, nikakifunua, nikamwonyesha. Alikiangalia muda. Kisha akainua fimbo, taratibu, akagonga patipati yake. Ko, ko, ko. Akanitazama. Akaielekeza fimbo pale kwenye sakafu ya kibaraza panapopangwa viatu, kisha kwenye kikapu kitupu cha Mgeni, kisha kwangu. Ijumaa zote zile alikuwa amekaa pale anamwona mnyama anatafuna viatu vya watu, anagonga kuniita, nami nampeleka chooni. Nilimkasirikia. Nikataka kumwambia ungenivuta kanga, ungenipiga nayo hiyo fimbo. Halafu nikakumbuka ni mara ngapi alinivuta. Niliingia ndani nikachemsha mchuzi wa kuku, nikamletea peke yake, bila mnyama, nikamwambia, "Yuko hai. Anakungoja upate nguvu ya kumpakata." Alinichunguza usoni aone kama ninamdanganya. Akafungua mdomo.

Ijumaa iliyofuata kisomo kilikuwa kwangu. Wakaja, wakavua, wakasoma. Baada ya dua, kabla ya chai, nikaweka kile kijisahani katikati ya mkeka, mahali pa mahamri.

"Mwenye chake achukue," nikasema.

Hakuna aliyesogea. Kisha mmoja akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe ni kicheko. "Hiyo ya kijani ni yangu," akasema. "Nilifika nyumbani mume wangu akaniuliza nimepigana na nani."

"Mlijua?" nikauliza.

Bi Tatu akajikohoza. "Tulidhani una panya, Zena. Mnyama wako kila tukitoka tunamkuta amelala gotini kwa Mzee."

"Na mkanyamaza?"

"Sasa nitakwambiaje? Nimekuja kwako kusoma, nimekunywa chai yako, nisimame nikuambie nyumba yako ina panya wanaokula viatu? Na ulivyo wewe?" Akawatazama wenziwe wamsaidie. "Tukasema basi, tuje na vile ambavyo vikiliwa hatuumii. Za mpira, za zamani."

"Na mpira mkuukuu ndio laini," akasema yule wa kijani, "unakatika vizuri." Wakaangua kicheko wote, kanga midomoni, na mimi nimekaa na uso wangu wa mbao, nikikumbuka mbaazi zangu zisizo na tui. Miezi yote ile nilikuwa nimewawekea kinyongo kwa kuja kwangu na viatu vya chooni, kumbe wananistahi. Ilinichoma kuliko kama wangenitukana. Tusi ungeliweza kulijibu. Adabu ya namna hiyo inaua mnyama na mume, na mwenye nayo anarudi kwake ameridhika. Nikawaambia hivyo hivyo. Wakaacha kucheka. Huko nje, kibarazani, tukasikia ko, ko, ko. Bi Tatu ndiye aliyeinuka kwanza, na goti lake bovu kuliko langu. Akarudi na patipati yake mkononi, nzima. "Amenirudishia," akasema. "Alikuwa ameikanyaga kwa mguu wake mzima, anailinda, na mnyama mwenyewe bado yuko kwa daktari."

Mgeni alirudi baada ya kidonda kushika, na mkato tumboni kama zipu. Alikula. Mzee akala. Alikaa nasi miaka mingine mizuri, babu yenu, na maneno yake yakafika kumi na mbili au kumi na tano, mengi yakiwa ya kunigombeza, na alipoondoka aliondoka akiwa na mwili. Mnyama akamfuata juzi, akiwa kikongwe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mimi sikumchukia.

Jioni ya Ijumaa ile ya kijisahani, wanawake walipokwisha kwenda, niliwaita wote waliokula chini ya paa langu: Hamisi, mkewe, Rukia, hata Mama Njoki aliyekuwa amekuja kuchukua trei yake nikamzuia. Nikasimama kwenye kizingiti ambacho kwa miaka yote hiyo hakuna kiatu kilichokivuka. Nikasema: Kuanzia leo viatu vya wageni vinaingia ndani, vinawekwa kwenye beseni, na beseni linapanda juu ya kabati. Yeyote aliyekuja nyumba hii akiharibiwa kitu, aseme kabla hajaondoka, na asiposema chai hapati. Na Baba Hamisi akigonga, yeyote aliye karibu aache alichoshika, hata kama anaswali peke yake, aende akachuchumae mbele yake, atazame fimbo inagonga nini, atazame mpaka aone. Asimshike mkono. Asimwinue. Na ole wake atakayempeleka chooni kabla hajaona.